Kutoka Unter den Akazien hadi Samora: Majina na Tabia ya Barabara Kuu ya Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Barabara ambayo leo huitwa Samora, katikati ya jiji la Dar es Salaam, ni fupi. Upande wa kusini-magharibi inaanzia kwenye Mnara wa Saa, mahali inapokutana na Mtaa wa Uhuru. Kutoka hapo inakatiza eneo la maduka na mabenki, inaizunguka sanamu ya askari, kisha inaelekea kaskazini-mashariki hadi jirani na Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa. Mtu mwenye mwendo wa kawaida huimaliza kwa muda usiofika nusu saa. Hata hivyo, tangu enzi ya Wajerumani imebeba majina manne rasmi: Unter den Akazien, Acacia Avenue, Independence Avenue na Samora Avenue. La kwanza ni la Kijerumani, mawili yanayofuata ni ya Kiingereza, na la nne limeunganisha jina la mpigania uhuru wa Msumbiji na neno la Kiingereza. Katika majina yote manne hakuna hata neno moja la Kiswahili.

Hili ni jambo la kustaajabisha katika jiji ambalo karibu kila mkazi wake huzungumza Kiswahili, na ambalo limekuwa makao ya taasisi kuu za uchunguzi na ukuzaji wa lugha hiyo. Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya majina hayo na mabadiliko ya tabia ya barabara yenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba jina rasmi lilitangaza kila mara matakwa ya wenye madaraka, ilhali Kiswahili cha watumiaji kiliipanga barabara hiyo kwa namna yake, bila kibao wala tangazo. Aidha, inadaiwa hapa kwamba haifai kuitaja barabara fulani kuwa ndiyo "kuu" ya Dar es Salaam kabla ya kuuliza ni kuu kwa nani.

2.0 Mtaa, Njia na Barabara

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa kuyatazama maneno ambayo Kiswahili hutumia kwa dhana hii. Katika miji ya kale ya mwambao, mtaa haukuwa njia. Mtaa ulikuwa sehemu ya mji yenye watu wake, msikiti wake na pengine mashindano yake na mtaa wa pili, kama ilivyo mitaa ya Mkomani na Langoni huko Lamu. Watu walipita katika njia na vichochoro vilivyotenganisha nyumba na nyumba. Mji ungeweza kuwa na njia moja iliyo pana kuliko nyingine, kama Njia Kuu ya Lamu, ambayo wenyeji huiita pia Usita wa Mui. Lakini njia hiyo iliachwa na nyumba zilizojengwa kwanza. Haikuchorwa kwenye karatasi ili nyumba zije kuifuata.

Mabadiliko ya maana ya neno mtaa, kutoka sehemu ya mji hadi njia yenye nyumba pande mbili, yanakwenda sambamba na ujio wa miji iliyopangwa kwa rula. Siku hizi maana zote mbili zinaishi pamoja. Mkazi wa Dar es Salaam husema "mtaa wetu" akiwa na maana ya jirani zake wote, na husema "Mtaa wa Uhuru" akiwa na maana ya njia yenye jina hilo. Neno barabara, kwa upande wake, limebaki na maana ya njia pana na kuu. Ndiyo maana wasemaji husitasita kati ya "Barabara ya Samora" na "Mtaa wa Samora": kwa upana wake ni barabara, lakini kwa maduka yake na watu wake ni mtaa. Neno avenue, ambalo liko kwenye vibao hadi leo, halikupata makazi katika Kiswahili. Hutamkwa linaposomwa kutoka kwenye anwani, na mazungumzo ya kawaida huliacha.

3.0 Chini ya Miti ya Wengine

Dar es Salaam ni mji mchanga ukilinganishwa na miji mingine ya pwani. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 kazi hiyo ilikuwa haijakamilika. Baadhi ya majengo ya wakati wake yalikuwa kando ya bandari, na hakuna lolote katika mpango wake linaloonyesha kwamba barabara ya ndani, iliyo sambamba na ufuko, ingekuja kuwa mhimili wa mji. Mhimili huo uliwekwa na Wajerumani baada ya kuhamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Jina walilolitoa, Unter den Akazien, maana yake ni "Chini ya Migunga". Kwa Mjerumani yeyote wa wakati ule jina hilo lilikuwa mwangwi wa Unter den Linden, barabara maarufu ya fahari mjini Berlin. Mti wa Ulaya ulibadilishwa kwa mti wa nchi ya joto, lakini muundo wa jina ukabaki uleule. Kwa hiyo jina la kwanza la barabara hii halikueleza mahali ilipo. Lilieleza mahali ambapo mtoaji wa jina alitamani pawe. Hata miti hiyo haikuwa kivuli cha kila mtu. Tangu mwaka 1891 kanuni za ujenzi zilianza kutenga maeneo kwa aina ya nyumba, na aina ya nyumba ilikuwa njia ya adabu ya kutaja rangi ya mwenye nyumba.

Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Hawakujisumbua kutafuta jina jipya. Walichukua miti wakaacha Berlin, na barabara ikawa Acacia Avenue. Mgawanyo wa maeneo nao walirithi, wakaukaza katika miaka ya 1920: eneo la Wazungu, eneo la biashara ambalo kwa vitendo lilikuwa la Wahindi, na eneo la Waafrika, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kati ya haya mawili ya mwisho kwa kisingizio cha afya.

Hapa ndipo Kiswahili kilipofanya kazi yake ya kwanza. Sheria haikuwa na majina mafupi ya maeneo hayo, lakini wasemaji walikuwa nayo: Uzunguni, Uhindini na, kwa mfano huohuo, Uswahilini. Muundo wa maneno haya unastahili kuangaliwa. Kiambishi u- hujenga nomino dhahania au jina la nchi, kama katika Uhindi na Uzungu, na -ni huigeuza nomino hiyo kuwa mahali. Kwa hiyo Uhindini haimaanishi tu "kwa Wahindi". Ni "mahali penye hali ya Uhindi", kana kwamba nchi nzima imehamishiwa mitaa michache. Kwa ramani hiyo ya lugha, Acacia Avenue ilikuwa uzi ulioanzia ukingoni mwa Uhindini ukaishia Uzunguni. Mtu aliyetoka Kariakoo kwenda kufanya kazi katika nyumba au ofisi za serikali alivuka Mnazi Mmoja, akapita kwenye maduka asiyoyanunulia, akafika kwenye bustani asizozipumzikia. Barabara ilikuwa kuu kwake pia, ila kwa maana ya kupita tu.

Maneno hayo matatu hayakufa pamoja na sheria iliyoyazaa. Uswahilini limeendelea kutumika, lakini maana yake imehama kutoka kabila na rangi hadi kipato: leo ni mahali penye nyumba zilizobanana na watu wengi, hata kama hakuna anayeuliza asili yao. Uhindini nalo bado linaeleweka kwa mtu yeyote anayetafuta duka la vipuri au la vitambaa katikati ya jiji.

4.0 Askari wa Shaba na Mchukuzi Asiye na Sanamu

Katika makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe, ambao kipande chake kilijulikana pia kama Mtaa wa Maktaba, amesimama askari wa shaba aliyeinamisha bunduki, singe yake ikielekea bandarini. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliotumika upande wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliyeichonga ni Mwingereza James Alexander Stevenson. Sanamu nyingine za ukumbusho za mkono wake zilisimamishwa miaka hiyohiyo Mombasa na Nairobi, nazo pia zikawekwa kwenye barabara kuu za miji hiyo, ambazo leo ni Moi Avenue na Kenyatta Avenue.

Ili kuielewa sanamu hii hapana budi kuikumbuka nyingine iliyoitangulia mjini humohumo. Wajerumani walikuwa wamemsimamishia sanamu Hermann von Wissmann, kamanda aliyeongoza majeshi yaliyozima upinzani wa Abushiri na wenzake katika miaka ya 1888 na 1889, vita ambavyo wasomaji wa Kiswahili wanavijua kupitia utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya Wadachi kutamalaki Mrima. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu. Chini yake aliwekwa askari wa Kiafrika akimtazama bwana wake kwa kuinua macho, pamoja na simba aliyekufa. Waingereza waliiondoa. Baadaye ikapelekwa Ujerumani, ikasimamishwa mjini Hamburg mwaka 1922 mbele ya chuo kikuu, na huko wanafunzi wakaiangusha kwa mara ya mwisho mwaka 1968.

Ukizilinganisha sanamu hizi mbili, utaona kwamba mwaka 1927 askari amepandishwa. Hayuko tena miguuni pa mtu. Kiguzo chote ni chake. Hii bila shaka ilikuwa pia hila ya mshindi mpya kujionyesha kuwa mwema kuliko aliyeshindwa. Lakini matokeo yake yamezidi hila hiyo. Dar es Salaam ilipopata uhuru, sanamu za magavana na wafalme zilikuwa aibu katika miji mingi ya Afrika. Hapa hapakuwa na gavana wa kuangushwa katikati ya barabara kuu. Palikuwa na Mwafrika asiye na jina, na akaachwa. Majina mawili ya barabara yamepita mbele yake tangu wakati huo, naye hajasogezwa.

Kwa mwanaisimu, sehemu yenye thamani zaidi si shaba bali kiguzo. Maandishi ya ukumbusho, ambayo matini yake ya Kiingereza ilitungwa na Rudyard Kipling, yameandikwa pia kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimewekwa katika hati mbili: ya Kirumi na ya Kiarabu. Mwaka wenyewe unasema mengi. Mkutano wa Mombasa uliochagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka 1964 ilikuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilianza kazi mwaka 1930. Kwa hiyo maandishi ya kiguzo yalitangulia usanifishaji kwa muda mfupi tu. Aidha, yanashuhudia kwamba serikali ya wakati huo ilikiri kuwapo kwa umma wa Waafrika wanaojua kusoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, umma uliotaka kuzungumzwa nao kwa herufi zake. Baada ya hapo hakuna jina rasmi la barabara hii lililoandikwa kwenye kibao kwa hati hiyo. Katika mita chache za mraba za jiwe, msomaji anauona mlango ambao ulikuwa karibu kufungwa.

Sanamu ya Dar es Salaam ina upungufu mmoja. Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa kwa migongo ya wachukuzi kuliko kwa bunduki za askari, na waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu ni makumi ya maelfu. Jijini Nairobi mchukuzi amepewa nafasi yake kando ya askari. Dar es Salaam, aliyepandishwa juu ya kiguzo ni askari peke yake. Hata hivyo mchukuzi wa Dar es Salaam hakusahauliwa. Alikumbukwa kwa njia nyingine. Eneo la magharibi ya Mnazi Mmoja, ambako wachukuzi wa Carrier Corps walipiga kambi, liliitwa Kariakoo, na likaitwa hivyo na watu.

Neno hili ni mfano mzuri wa utohozi kwa njia ya sikio. Mtu ambaye angelisoma neno la Kiingereza corps kwa macho angepata konsonanti mwishoni, na Kiswahili kingelazimika kuziongezea irabu. Aliyelisikia alisikia irabu ndefu tu isiyofungwa na konsonanti, naye akaiandika kama alivyoisikia: -koo. Nairobi walipokea neno hilohilo kutoka chanzo hichohicho, lakini tahajia yao, Kariokor, imehifadhi r ambayo haisikiki katika neno la Kiingereza lilivyotamkwa wala haimo katika tahajia ya Dar es Salaam. Jina la Dar es Salaam limeingia kabisa katika sauti za Kiswahili. La Nairobi limebaki na kovu la kigeni. Vyovyote iwavyo, askari alipewa shaba na mchukuzi akapewa neno, na mtu anayetaka kupima ni ukumbusho gani kati ya hiyo miwili unaotajwa mara nyingi zaidi kwa siku hana haja ya kufanya utafiti mrefu.

5.0 Uhuru kwa Lugha Mbili

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na siku iliyofuata Dar es Salaam ikawa jiji. Mnara wa Saa ulijengwa kuadhimisha hadhi hiyo mpya. Majina ya njia nayo yalianza kubadilishwa. Acacia Avenue ikawa Independence Avenue. Kichwele, njia iliyotoka kwenye Mnara wa Saa, ikapita Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo hadi Ilala, ikawa Uhuru Street.

Jambo hili limepita bila kuzingatiwa sana, nalo ndilo kiini cha makala haya. Majina hayo mawili yana maana moja. Njia mbili zinazogusana kwenye mnara mmoja zilipewa neno lilelile kwa lugha mbili: upande wa bandari na ofisi uhuru ulitajwa kwa Kiingereza, upande wa Kariakoo ulitajwa kwa Kiswahili. Hapana haja ya kudai kwamba kamati fulani ilikaa ikapanga iwe hivyo. Inatosha kuona kwamba hakuna aliyeona ajabu. Mgawanyo wa maeneo ulikuwa umekwisha kisheria, lakini mgawanyo wa lugha uliendelea kuchora mstari palepale Mnazi Mmoja.

Neno uhuru lenyewe lilikuwa limeshapata uzito mwingine. Lilikuwa kaulimbiu ya mikutano ya TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Uhuru huo ulidaiwa na kuimbwa upande wa magharibi wa uwanja. Upande wa mashariki ndiko ulikoandikwa na kutiwa sahihi, na kwa muda mrefu Baraza la Kutunga Sheria, kisha Bunge, lilikutana katika Ukumbi wa Karimjee, karibu na ncha ya pili ya barabara. Kwa mtazamo huu, Independence ilikuwa hati na Uhuru ulikuwa sauti.

Jina la Kiingereza halikudumu. Liliondolewa kumpisha Samora Machel. Jina la Kiswahili limebaki, na hata fasihi imelichukua: M. G. Vassanji, mwandishi aliyekulia Dar es Salaam, aliipa mkusanyiko wake wa hadithi wa mwaka 1991 jina la Uhuru Street. Inawezekana kusema kwamba Independence iliondolewa kwa sababu barabara hiyo ndiyo iliyokuwa ya fahari na ndiyo iliyofaa kutolewa heshima kwa kiongozi rafiki. Lakini ni kweli pia kwamba neno lile halikuwa na mizizi ya kukatwa. Kumwambia mkazi wa Kariakoo kwamba mtaa wake hautaitwa tena Uhuru lingekuwa jambo jingine kabisa.

Samora hakuwa mgeni katika jiji hili. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Samora alijiunga nayo mwaka uliofuata. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa tangu mwaka 1963, na Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, aliuawa hapa kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Jina la Samora liliungana na majina mengine ya bara zima yaliyowekwa katikati ya jiji: Nkrumah, Azikiwe, Luthuli, Lumumba. Kwa hiyo mtu anayetembea katika eneo hilo anatembea katika historia ya siasa ya Afrika ya miaka ya 1960 na 1970, bila kupangwa kwa tarehe. Kando yake yamo pia majina ya ndani ya nchi, kama Mirambo, na ncha ya mashariki inakutana na mtaa wa Shaaban Robert.

Katika orodha hiyo Samora ana upekee wa kiisimu. Wenzake hutajwa kwa jina la ukoo, yeye hutajwa kwa jina lake la kwanza. Hakuna asemaye "naelekea Machel". Sababu moja ni fonolojia: Sa-mo-ra ni silabi tatu wazi zinazokubalika kabisa katika Kiswahili, ilhali Machel inaishia kwa konsonanti na ingehitaji kurekebishwa. Sababu nyingine yaweza kuwa ukaribu wa mtu aliyeishi hapa akajulikana kwa jina hilo. Ikumbukwe pia kwamba jina hili halichukui -ni ya mahali. Watu husema "nimemwona Samora", na msikilizaji asiyejua muktadha angeweza kudhani aliyeonekana ni rais wa Msumbiji aliyefariki katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986.

6.0 Miaka ya Maduka Matupu na Duka la Vitabu

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyatia mabenki mikononi mwa umma. Mwaka 1971 sheria ya utwaaji wa majumba ilifuata, na nyumba nyingi za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikawa chini ya Msajili wa Majumba. Kwa barabara iliyojengwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wa asili ya Kihindi, hili lilikuwa badiliko kubwa kuliko jina lolote. Mwenye duka akawa mpangaji wa serikali, na wengine wakaondoka nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika, na vioo vya maduka vilionyesha rafu.

Itakuwa makosa, hata hivyo, kuieleza miaka hiyo kwa uhaba peke yake. Katika barabara hii lilikuwapo duka la vitabu la Tanzania Publishing House, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1966. Shirika hilo ndilo lililoshirikiana na wachapaji wa London kutoa kitabu cha Walter Rodney juu ya Ulaya kuidumaza Afrika mwaka 1972, na ndilo lililochapisha riwaya za Adam Shafi Adam, Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979. Jambo hili lina uzito wake. Barabara ambayo haikuwahi kuwa na jina la Kiswahili ilikuwa ikiuza riwaya za Kiswahili, na mojawapo ya riwaya hizo ikisimulia maisha ya makuli wa bandarini, watu wa tabaka lilelile ambalo kiguzo cha askari kiliwapa nafasi ndogo.

7.0 Barabara Kuu ya Nani?

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ililegezwa, na utawala wa Ali Hassan Mwinyi ulioanza mwaka 1985 ukapewa na watu jina la enzi ya "ruksa". Bidhaa zilirudi, lakini hazikurudi mahali palepale. Zilifika kwanza Kariakoo, ambako soko jipya lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilikuwa limefunguliwa mwaka 1975, na ambako hata moto wa Julai 2021 ulioliteketeza jengo hilo haukuzima biashara ya mitaa iliyolizunguka. Kutoka hapo nyingine zilisambaa hadi Samora mikononi mwa wamachinga, waliopanga viatu, vitabu na saa kando ya njia. Mwishoni mwa mwaka 2021 wafanyabiashara hao waliondolewa katika njia za katikati ya jiji. Mvutano kati ya mwenye fremu na mwenye meza si mpya. Umebadilisha tu majina ya wahusika tangu kanuni za mwaka 1891.

Wateja wenye fedha nao walihama. Mlimani City ilipofunguliwa mwaka 2006 katika ardhi ya Chuo Kikuu, na maduka ya rasi ya Msasani yalipostawi, haikuwa lazima tena kwenda mjini ili kununua nguo au kula mkahawani. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yalipewa Barabara ya Morogoro na ya Sokoine, ambayo ni sambamba na Samora upande wa bandari. Mwaka huohuo serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa vitendo, baada ya uamuzi uliokuwa umefanywa mwaka 1973. Samora imebaki na mabenki, ofisi, maduka ya simu na ukimya wa Jumapili ambao Kariakoo hauufahamu.

Majengo yenyewe yamekuwa yakibadilishwa kwa kasi. Nyumba za ghorofa mbili au tatu zenye baraza za kumkinga mpita njia na jua zimetoa nafasi kwa minara ya vioo. Mfano unaojulikana ni jengo la kale la Salamander, ambalo lilibomolewa, na jina lake likapandishwa kwenye jengo refu liitwalo Salamander Tower. Hapa jina limeishi na kitu kimekufa, kinyume cha yaliyoipata barabara, ambayo yenyewe imeishi na majina yake kufa.

Wakati huohuo wasemaji wameendelea kuitaja barabara hii kwa vituo vyake kuliko kwa jina lake. Anayeelekezwa haambiwi namba ya jengo. Huambiwa Mnara wa Saa, Askari, Posta Mpya. Wengine husema "sanamu ya Askari", wengine "sanamu la Askari", na hakuna anayepotea kwa sababu ya upatanisho. Posta Mpya ilikwisha kuzeeka zamani, lakini kivumishi hicho kimeganda, kwa kuwa kazi yake si kueleza umri wa jengo bali kulitenga na Posta ya Zamani. Ramani hii ya vituo ndiyo ambayo makondakta wa daladala waliitangaza kwa sauti kwa miongo kadhaa, nayo ni ya Kiswahili kitupu, isipokuwa maneno ya kutoholewa ambayo yamekwisha kupata uraia.

Kazi ya kukusanya majina haya haijapewa nafasi inayostahili katika uchunguzi wa Kiswahili. Kamusi huliacha jina la mahali kwa kuwa ni jina la pekee, na wanahistoria hulichukua kama anwani tu. Watu waliotembea Acacia Avenue wakiwa watoto na kuisoma Independence Avenue kwenye kibao wakiwa vijana sasa ni wazee wa miaka themanini na kuendelea. Baadhi yao walifundishwa kusoma katika vyuo vya Kurani kabla ya kwenda shule, kwa hiyo ndio wa mwisho wanaoweza kusimama mbele ya kiguzo cha askari wakakisoma Kiswahili chake kwa hati zote mbili, na wakaeleza kama maandishi hayo mawili, neno kwa neno, yanasema jambo lilelile.